Ukuta wa Isevya Haukupanda Lori

Kaka yangu Shomari hakuwahi kuona picha ya mtu mwingine akaisifu. Huenda alitaka, lakini mdomo ulikuwa haumtii. Ukimwonyesha kalenda mpya ya dukani, atakwambia simba huyo ana shingo ya mbuzi. Ukimwonyesha kanga, atatafuta ua lililokaa vibaya mpaka alipate, na akishalipata uso unamchangamka kama mtu aliyeng'olewa jino bovu. Nasema haya mimi Maua, dada yake wa tumbo moja, niliyekaa nyumbani kwake Isevya tangu nilipoachika. Nampenda sana. Lakini wivu wake nimeishi nao chumba cha pili, hakuna atakayenisimulia.

Alikuwa mchoraji. Tabora yetu ile, kutoka stesheni mpaka sokoni, mbao za maduka na milango ya malori zilikuwa kazi yake. Vile vichwa vilivyopakwa ukutani kwa kinyozi, kimoja kikiwa na njia ya pembeni, ni Shomari. Yule ng'ombe aliyenona kwenye ubao wa bucha, ni Shomari. Hata lile pazia kubwa katika studio ya Mzee Popatlal pale Mtendeni, lenye ngazi za mawe na chombo cha maua, ambalo watu walisimama mbele yake kupigwa picha za harusi na za Idi, alilichora yeye. Na ugonjwa ulianzia hapo hapo. Watu walisimama mbele ya kazi ya Shomari, wakaenda nyumbani na kazi ya Popatlal, wakaitundika sebuleni. Hakuna aliyewahi kusema, "Tazameni ngazi hizi." Walisema, "Tazameni nilivyotoka."

"Mimi nimechora ngazi zile mpaka mgongo ukanikatika," alikuwa akinung'unika. "Yeye anabonyeza kidude mara moja. Halafu fundi ni yeye."

Mzee Popatlal macho yalipomchoka, kamera ikashikwa na binti yake, Indu. Msichana huyo alizaliwa Mtendeni na Kiswahili chake kilikuwa cha Mtendeni, mcheshi, hana makuu, na picha zake zilikuwa na uhai; mtu aliyemo utadhani anataka kukuomba kiberiti. Kwa Popatlal, Shomari aliweza kuvumilia, maana mzee ni mzee. Kwa Indu alishindwa kabisa. Jina lake halikumtoka kinywani. Alimwita "yule wa kidude," na sisi nyumbani tukazoea.

Basi ikaja miaka ya elimu ya watu wazima. Serikali ilikuwa imesema kila mtu ajue kusoma, na hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Jioni, watoto wakishatoka shule ya msingi, sisi watu wazima tuliingia katika madarasa yao, tukabanana kwenye madawati mafupi magoti yakigusa kidevu. Mimi nilikwenda, na wifi yangu Mwanahawa, mke wa Shomari, alikwenda. Mwanahawa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kalamu ilipomkaa mkononi haikutoka tena. Akikoroga uji, kidole cha mkono wa pili kinaandika hewani.

Mratibu wetu alikuwa Sylvester Masolwa, mtu mrefu wa kutoka upande wa Nzega. Alikuja na namna yake ya kufundisha ambayo hatujaiona popote. Alitundika karatasi kubwa kwenye kamba, moja baada ya nyingine kama nguo zilizofuliwa. Juu ya karatasi kulikuwa na sentensi, chini yake nafasi tupu ya kuweka picha, na chini ya nafasi ile neno FANYA. Unasoma sentensi, unatazama picha, unafanya hicho ulichosoma, ndipo unahamia karatasi ya pili.

"Maneno, picha, kazi," Masolwa alisema. "Vyote vikae mahali pamoja. Jicho lisisafiri."

Somo lenyewe lilikuwa kuchambua pamba. Isevya hatulimi pamba, lakini sisi tulikuwa wa kujaribiwa tu. Somo likishakamilika kwetu lingepelekwa vijiji vya Igunga, ambako pamba ndiyo nguo, ndiyo dawa, ndiyo mahari. Masolwa alituletea gunia zima ili tufanyie kazi. Pamba nyeupe inaitwa safi. Iliyotiwa madoa ya manjano na wadudu inaitwa fifi. Ukizichanganya, mzigo wako wote unapokelewa kama fifi, na jasho la msimu limekwenda bure. Kwa hiyo picha ya kutofautisha safi na fifi haikuwa pambo. Watu wangekula au wasile kwa sababu yake.

Picha hizo aliombwa Shomari. Nakumbuka alivyorudi siku ile amevimba kifua, akataka chai kwanza ndipo aseme. Serikali imeniita, alisema. Lakini alipoonyeshwa nafasi aliyoachiwa kwenye karatasi, kifua kikanywea.

"Hiki ni kiganja, bwana mratibu. Unataka nitie shamba zima kwenye kiganja?"

"Tia unachoweza, ndugu Shomari."

Shomari hakutia. Alichora picha zake mbali, kwenye karatasi pana kama mkeka, akazitundika pembeni ya darasa. Zilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Lakini tulisoma sentensi huku, tukageuza shingo kule kutafuta picha yake, na tuliporudi tulikuwa tumeshapoteza mstari. Lukumani, fundi viatu wa mtaani kwetu, alisema shingo yake imesoma kuliko kichwa. Masolwa akacheka na wenzake, kisha akapanda baiskeli akaenda Mtendeni, kwa Popatlal.

Alihitaji mikono ya mtu anayechambua pamba vizuri, na darasani hakuna aliyemshinda Mwanahawa. Wifi akaja nyumbani kuomba ruhusa kwa mumewe, kama inavyotakiwa.

"Mume wangu, mratibu anaomba mikono yangu."

"Ya nini?"

"Ipigwe picha inachambua pamba. Uso hautaonekana."

Shomari alikuwa anasafisha brashi zake kwa mafuta ya taa, hata hakuinua macho. "Mikono si kitu. Nenda."

Tulikuwa tumetoka harusini siku hizo, wifi ana hina mpaka kwenye vifundo. Picha za Indu zilipobandikwa kwa gundi katika zile nafasi za Masolwa, darasa zima lilitulia. Unasoma "Shika pamba kwa vidole," na hapo hapo, chini ya maneno, vidole vinashika pamba. Unasoma "Toa jani kavu," na jani linatoka. Wazee waliokuwa wanasinzia waliamka. Tulimaliza jioni moja somo ambalo lilikuwa limetukwamisha kwa wiki.

Halafu Lukumani, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akasema kwa sauti, "Mashaallah, mikono hii! Hii ikikuchambulia pamba hata fifi inageuka safi."

Wanaume wakaangua kicheko. Wengi wao hawakujua mikono ni ya nani. Lakini Shomari alikuwa amesimama dirishani, maana alipenda kuja kusikiliza watu wanasema nini juu ya picha zake, na siku hiyo alikuta picha zake zimekunjwa zimesimamishwa pembeni, na mikono ya mkewe inasifiwa na fundi viatu.

Alitangulia nyumbani. Tulipofika tulimkuta ameketi uani, brashi zote zimetawanyika. Nilidhani atafoka. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nimekaa na mikono ile maisha yangu yote," aliniambia mimi, kama kwamba Mwanahawa hayupo. "Inanipakulia chakula asubuhi na jioni. Sikuwahi kuichora. Amekuja yule wa kidude, kaichukua mara moja, sasa ni yake."

"Hukuiomba," Mwanahawa alisema, akaingia jikoni.

Shomari hakulala usingizi wa maana wiki ile. Alikwenda darasani mchana, darasa likiwa tupu, akasimama mbele ya picha za Indu, akazikagua moja moja kama mtu anayetafuta chawa. Na akampata chawa wake. Picha za Indu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Doa la manjano kwenye pamba lilitoka kama kivuli tu. Ni kweli, hata sisi tulikuwa tunabishana, hii ni fifi au ni kivuli cha kidole? Shomari aliporudi nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba ukuta wa nyuma wa darasa. Akaununulia chokaa mwenyewe, akaupaka mpaka ukawa kama shuka, kisha akaanza kuchora. Akachora shamba lote, kutoka kupanda mpaka kuuza. Ng'ombe wanakokota plau, wanawake wameinama kwenye mistari, vikapu, mizani, na katikati kabisa marundo mawili ya pamba, moja jeupe la kuumiza macho, jingine lina madoa ya manjano ambayo hata mzee mwenye mtoto wa jicho asingeyakosa. Na mikono. Alichora mikono ya mwanamke yenye hina, mikubwa kuliko mlango, inatenganisha rundo hili na lile. Watu walikuja kutoka Mtendeni kuitazama. Nilimwona Mwanahawa amesimama mbele yake kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna wa kubandua," Shomari aliniambia. "Karatasi inakunjwa. Ukuta utaukunjaje?"

Masolwa naye alishindwa na rangi zile. Fifi ilionekana, na fifi ndiyo iliyokuwa shida yake. Picha za Indu zikabanduliwa, madoa ya gundi yakabaki, na katika kila nafasi Masolwa akaandika kwa herufi kubwa: TAZAMA PICHA UKUTANI. Tukazoea. Tukifika kwenye maneno hayo tunageuka wote nyuma, tunatazama, tunarudi mbele, tunafanya. Shingo ya Lukumani ikapona, au alinyamaza kwa kumwogopa kaka yangu.

Indu alikuja kuuona ukuta. Alikuja na kamera begani, akasimama karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Halafu akasema maneno ambayo mimi ningekuwa Shomari ningeyaweka kwenye fremu.

"Fundi, mimi siwezi kufanya hivi hata nikifundishwa mpaka nizeeke."

Shomari akashindwa aweke wapi uso wake. Lakini Indu hakuishia hapo. "Niruhusu niupige picha, sehemu kwa sehemu. Nitazitoa ndogo ndogo zienee kwenye zile nafasi za karatasi. Rangi nitazitia kwa brashi, kama tunavyotia kwenye picha za maharusi. Utanisimamia wewe mwenyewe."

Nilifurahi. Niliona mambo yamekwisha. Kumbe kaka yangu damu imeshampanda kichwani. Alikwenda akauegemea ukuta, akanyoosha mikono yake huku na huku kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Kila unachokiona unakichukua," alisema. "Ngazi zangu umezichukua. Mikono ya mke wangu umeichukua. Ukuta huu huuchukui."

Indu alimtazama kidogo, akafunga mfuko wa kamera. "Haya, fundi. Ukuta ni wako," alisema, akaondoka bila kinyongo, na kutokuwa na kinyongo kwake kulimchoma Shomari kuliko matusi.

Muda si mrefu somo likawa tayari kwa Igunga. Masolwa aliitwa semina Dodoma, akaacha maagizo kwamba wanafunzi wenye mwandiko mzuri wanakili zile karatasi, kila mmoja seti moja kwa kijiji kimoja, na lori la pamba lizichukue likirudi. Walinakili kila kitu kama kilivyo. Maneno juu, katikati TAZAMA PICHA UKUTANI, chini FANYA. Nani angethubutu kubadilisha maneno ya mratibu?

Mwanahawa alikuwa mmoja wa wanakili. Siku moja aliinua kichwa kwenye karatasi zake, pale uani, mimi namenya karanga kando yake.

"Mume wangu, ukuta wako utafikaje Igunga?"

Shomari akakunja uso. "Mwalimu wa huko hana mdomo? Atawaeleza."

"Picha ya kuelezwa?"

"Sema unachotaka kusema. Unataka nimwite yule wa kidude, sivyo? Sema basi!"

Mwanahawa alirudi kwenye karatasi zake. Baadaye aliniomba nimpitishie manjano kutoka jikoni, nikampa, nikaendelea na karanga zangu.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika, Shomari alitaka kwenda Igunga. Mimi nilikuwa na safari yangu ya kununua mchele huko, na yeye akadandia. Alisema anakwenda kunisaidia magunia. Uongo mtupu. Alikwenda kusikia anavyosifiwa. Njia nzima kwenye lori, vumbi limetupaka mpaka kope, alikuwa akinieleza jinsi atakavyojibu wakimwuliza rangi ile ya manjano aliipataje.

Darasa la kijiji cha kwanza lilikuwa ndani ya ghala la pamba. Tulipokelewa vizuri, salamu za mwangaluka huku na mwangaluka kule, tukapewa gunia la kukalia. Mwalimu wao, kijana mmoja jina lake Hilari, alikuwa amesimama mbele ya zile karatasi, na watu wazima wanasoma pamoja kwa sauti moja: "Tenga safi na fifi. Tazama picha ukutani."

Wote wakageuka. Wazee kwa akina mama, kwa heshima kabisa, wakageuka nyuma wakautazama ukuta wa ghala. Ulikuwa ukuta wa matofali mabichi, hauna hata chokaa. Wakautazama kimya kimya. Kisha wakageuka mbele, wakaendelea kusoma.

Shomari alinyanyuka nusu. "Samahani, ndugu zangu. Mnatazama nini pale?"

Mzee mmoja aliyeitwa Jilala, mwenye kofia ya sufu na joto lote lile, alimjibu kwa upole. "Tunatazama ukutani, ndugu. Somo limesema."

"Na mnaiona picha?"

"Bado," mzee alisema. "Tunasikia huko Tabora wanaiona. Labda sisi bado hatujasoma vya kutosha. Tutafika tu."

Hakuna aliyecheka. Hilari alikuwa anatazama viatu vyake. Pembeni ya Mzee Jilala kulikuwa na rundo lake la pamba alilochambua siku ile, na humo safi na fifi zilikuwa zimelala pamoja bila ugomvi. Nimemjua kaka yangu tangu tunanyonya, na sijawahi kumwona akiwa mdogo kama alivyokuwa juu ya lile gunia.

Hilari alitusindikiza nje. Nadhani alitaka kutufariji. "Wenzetu wa kijiji cha pili wana bahati," alisema. "Karatasi zao zina picha ndani."

Hapo hapo aibu ikamtoka Shomari, wivu ukarudi mahali pake. "Picha za nani?"

"Sijui, ndugu. Za Tabora."

"Ni yule wa kidude," Shomari alisema, akaanza kutembea. "Amenizunguka! Nilimkatalia, akapita dirishani." Alitembea kwa hasira ile mpaka nikawa namkimbilia nyuma nimejishika kanga. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Popatlal na binti yake, mengine siwezi kuyaandika.

Kijiji cha pili walikuwa wanafanyia somo nje ya ofisi ya kijiji. Shomari hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya karatasi, akaweka uso karibu.

Hazikuwa picha za kamera. Zilikuwa zimechorwa kwa kalamu, ndogo, katika nafasi ile ile ya kiganja, chini ya maneno, na yale maneno TAZAMA PICHA UKUTANI hayakuwepo kabisa. Zilikuwa zimetoka kwenye ukuta wake. Vikapu ni vile, mizani ni ile, marundo mawili ni yale, lakini kila sentensi imepewa kipande chake tu, kile inachokihitaji. Na madoa ya fifi yalikuwa yamesuguliwa kwa kidole, ya manjano. Nilisogea, nikanusa harufu ya jikoni kwetu.

Shomari alitafuta kosa. Nilimwona macho yanavyokimbia. Akampata ng'ombe: hana kwato, na pembe moja imeota karibu na sikio. Nilingoja aseme. Badala yake macho yakaenda kwenye karatasi iliyofuata, yakakuta mikono yenye hina. Haikuwa mikono ya ukutani, wala ile ya Indu. Hii ilikuwa imechorwa kama mtu anavyoiona mikono yake mwenyewe akiwa ameinama kazini, vidole gumba vikiwa ndani.

Hakuhitaji kuambiwa. Wala mimi sikuhitaji.

Mwalimu wa pale, Anton, alikuwa amekuja kutusalimia. Alipojua wageni wametoka Tabora alimtazama Shomari vizuri. "Wewe siye Shomari mchoraji? Dereva wa lori ametuambia habari zako!" Akawageukia wanafunzi wake. "Ndugu zangu, mwenye picha amekuja!"

Wakapiga makofi. Mama mmoja alitushika mikono akatupeleka kuona pamba yake, marundo mawili, na kwenye lile jeupe ungetafuta doa moja mpaka jua lizame. "Msimu huu pamba yetu yote imepokelewa safi," alisema. "Ni kwa picha zako." Akaingia ndani akatoka na kuku, jike lililonona, miguu imefungwa, akampa Shomari kwa mikono miwili.

Shomari alifungua mdomo. Nikasema moyoni, haya, sema. Akaufunga. Nikambana ubavu kwa kiwiko. Akapokea kuku, akasema, "Ahsanteni sana," na tukaondoka.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuhesabu magunia yangu. Kwenye lori alimpakata kuku yule kama mtoto wa watu, na mimi nikamgeuzia mgongo mpaka tulipopita Nzega.

"Utasema au hutasema?" nilimwuliza.

"Ng'ombe hana kwato," alijibu.

"Nimeona."

"Pembe iko sikioni."

"Nimeona, kaka. Nao wamemwona ng'ombe. Wale wa ghalani walimwona?"

Lori liliruka shimo, kuku akalia. Halafu kaka yangu akasema, bila kunitazama, "Inaniuma, Maua. Yule wa kidude alikuwa mtu baki. Nikifunga mlango wangu, wivu unabaki nje. Huyu nitamfungia mlango gani? Aliwezaje kutia shamba kwenye kiganja? Mimi nilisema haliingii."

Nilitaka kumwonea huruma, hasira ikanizuia.

Nyumbani alimweka kuku mbele ya Mwanahawa. "Nimepewa Igunga," alisema.

"Kwa nini?"

"Picha."

"Hongera," wifi alisema, akamfungia kuku kwenye mguu wa meza. Uso wake haukuonyesha kitu. Sijui kama alijua kwamba tumeziona picha zake. Mimi niliuma kanga yangu nisipasuke.

Ijumaa Shomari alimchinja, akaenda msikitini, akarudi na Lukumani fundi viatu, maana kuku wa sifa haliwi peke yake bila shahidi. Wao wakaketi barazani. Sisi wanawake tulikuwa uani, kando ya jiko, kama siku zote. Wali umepikwa, mchuzi umeiva, na Mwanahawa akapakua. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata nyumba iwe ya njaa namna gani, hata mgeni awe nani, firigisi inakwenda kwenye sahani ya baba, na mwanamke aliyekula firigisi mumewe akiwa hai atasemwa mpaka Urambo. Wifi aliiweka juu ya wali wa Shomari, mahali pa kuonekana, nami nikapeleka sahani barazani.

Lukumani alikuwa keshaanza. "Kaka, sasa wewe ni wa taifa! Mpaka Igunga wanakuchinjia! Na hiyo mikono uliyoichora..."

Nikarudi uani, sikutaka kusikiliza. Tulikuwa tumenawa, tumeanza kula, nilipoona wifi ameacha tonge hewani. Nikageuka. Shomari alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ameacha mgeni barazani, vidole vinachuruzika mchuzi, na kiganjani mwake kuna ile firigisi.

Aliinama, akaiweka kwenye upande wa wali wa mkewe. Lukumani kule barazani alikuwa anauliza kwa sauti amekwenda wapi.

"Kula," Shomari alisema. "Walikupa wewe."

Mwanahawa alimtazama. Kisha akaiokota, akaitia kinywani, akaitafuna polepole. Na kaka yangu akasimama pale pale, macho hayambanduki, anamtazama kwa wivu ule ule wake, mpaka alipoimeza.